Nililichoma Godoro Langu Nikiwa na Akili Timamu

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, naishi upande wa soko la Ziwa, huku Eldoret. Mikono yangu ni mizima. Vidole vyote kumi viko. Nakamua ng'ombe, napukuchua mahindi, najifunga kitambaa kichwani bila kusaidiwa... Mkinisalimu sokoni hamtaona kasoro yoyote. Nawaanzia na habari ya mikono kwa sababu yupo mama mwingine, si mbali sana na hapa, ambaye hawezi hata kushika kijiko. Na aliyemfanya hivyo ni mimi!

Msikimbilie kunihurumia. Someni kwanza.

Jina langu ni Rebeka, na tangu utoto nina hasira za karibu. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nikiwa na miaka kumi na minane niliolewa na dereva wa trekta katika shamba la mzungu mmoja. Tuliishi laini, zile nyumba ndogo za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kama sanduku. Kitanda chetu kilikuwa cha fito, na godoro letu lilikuwa magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, yakajazwa nyasi kavu na maganda ya mahindi. Ukigeuka, lilikuwa linalia kwacha kwacha, na jirani wa ukuta wa pili anajua umegeuka.

Na kunguni je? Woi! Kila baada ya mavuno tulitoa zile nyasi kuukuu tukazichoma nje, tukajaza nyingine. Lakini nyasi zilizolaliwa mwaka mzima huwa zimeshindiliwa, haziwaki. Hufuka moshi tu, kutoka asubuhi mpaka jioni, mpaka unachoka kuzingoja. Jirani yetu mmoja alilala na sigara mdomoni, godoro lake likashika moto. Aliamka akikohoa, akaliburuta nje kwa mguu, akalimwagia debe la maji. Tulimcheka wiki nzima! Likumbukeni godoro la huyo jirani. Mimi nilikuja kulikumbuka siku ambayo sikupaswa kulikumbuka.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana, Jelimo. Alipokuwa na miaka mitatu, wakati wa kuvuna, tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye trela. Trekta ikaingia shimo. Nikarushwa chini, nikaanguka chali, na gunia moja likanifuata likaniangukia tumboni.

Sikuvunjika mfupa. Lakini tangu siku ile mgongo wangu haukuwa mgongo tena... Nikilala unawaka, nikiamka umekufa ganzi, Jelimo ndiye ananishika mkono ili nisimame. Na tumbo nalo likafunga. Sikupata mtoto mwingine. Jelimo akawa wa kwanza na wa mwisho.

Ndipo wazungu wakaanza kuuza mashamba na kwenda zao. Nani wa rika langu hajui miaka ile? Ukienda mtoni, ni shamba. Ukienda kanisani, ni shamba. Wafanyakazi wa laini waliungana na watu wengine wakaunda kikundi, wakanunua lile shamba la mzungu wetu, na kila mwanachama akakatiwa kipande chake. Mume wangu aliingiza kila kitu humo. Aliuza ng'ombe wawili, akauza baiskeli, akauza hata koti lake la mvua!

Nilimwambia, Baba Jelimo, mgongo unaniua. Ninunulie godoro la kisasa, yale laini ya sponji ambayo watu wanasema yako mjini. Alinitazama kama mtu aliyeombwa ndege.

"Shamba kwanza," akasema. "Mgongo baadaye."

Sikubisha. Nilijua shamba ni letu sote. Au ndivyo nilivyodhani...

Tukahamia kwenye kipande chetu. Udongo wa nyumba yangu ulikuwa bado haujakauka vizuri wakati mzee alipoleta mke wa pili. Aliniambia shamba linataka mikono, na boma linataka wavulana. Aliniambia hivyo nikiwa nimeinama napepeta maharagwe, kama mtu anayetoa habari ya mvua. Nilirusha ule ungo mpaka kwenye zizi. Lakini ningefanya nini? Wanaume wengi walifanya hivyo, kanisa lipende lisipende.

Mke huyo aliitwa Salina. Alikuwa na miaka kama ishirini, mrefu, mcheshi, anacheka hata na kuku. Aliniita Dada tangu siku ya kwanza, nami sikuitika kwa mwezi mzima. Jelimo ndiye alimpenda. Salina alikuwa akimsuka nywele na kumwimbia, na mtoto akawa kila saa yuko upande wa pili.

Nyumba yangu ilikuwa mkono wa kulia ukiingia bomani, yake mkono wa kushoto, kila mmoja na moto wake. Na kwetu kulikuwa na heshima moja ambayo hata wake wanaochukiana huishika. Mke hakanyagi nyumba ya mwenzake bila kukaribishwa, na mahali mwenzake analala hapaangalii kabisa. Unasimama nje, unaita, unajibiwa, basi. Mimi na ubaya wangu wote, heshima hiyo sikuwahi kuivunja.

Basi nikaamua godoro nitajinunulia mwenyewe. Mzee alikuwa amenipa ng'ombe mmoja, maziwa ya asubuhi ni ya nyumba, ya jioni ni yangu. Hayo ya jioni niliyahifadhi, na kila siku ya soko niliyabeba mgongoni mpaka Ziwa. Mgongo huo huo! Niliutesa ili niununulie pa kupumzika. Mwaka ukaisha, na mwingine ukafika katikati. Sikununua nguo, sikununua hata mafuta ya kujipaka. Wanawake wenzangu walinicheka miguu ilivyopasuka, nikawaambia nyinyi chekeni, mtakuja kubonyeza godoro langu kwa foleni!

Siku ilipofika, mzee alinisindikiza mjini kwa lori la mahindi. Alisema mwanamke hawezi kuzunguka Eldoret na godoro kichwani kama mwendawazimu. Tuliingia duka la Mhindi mmoja karibu na soko. Jamani, magodoro! Yamepangwa mpaka dari. Mwenye duka akatushushia la pamba, zito kama mtu mgonjwa, akasema hilo ni la bei ya chini lakini baada ya mwaka linafanya mabonge. Akatushushia la mpira lenye matundu madogo madogo, nikaliwekea mkono, ukazama wenyewe... Alisema hayo hununuliwa na watu wa Elgon View, mtaa wa matajiri. Nikauondoa mkono wangu haraka.

Tukabaki na ya sponji. Lilikuwako la inchi mbili, na mzee akalikimbilia hilo kwa sababu ya bei. Lakini mwenye duka alikuwa mtu mwungwana. Alinitazama nilivyosimama nimeshika kiuno, akaniambia, mama, weka goti. Goti likigusa sakafu, na mgongo pia utagusa. Nikaweka goti kwenye la inchi mbili, likagusa sakafu. Nikaweka kwenye la inchi nne, lenye kitambaa cha mistari ya buluu, goti likasimama.

Akasema sasa lala. Nikaona aibu, watu wamejaa dukani! Nikavua viatu, nikalala.

Ndugu zangu, sijui nitawaelezaje. Mgongo ulinyamaza. Miaka minne ulikuwa unapiga kelele ndani yangu, mara ukanyamaza kimya. Nililia pale pale chini, mbele ya wateja, na mzee akanikanyaga mguu polepole ili niamke. Nilitoa kitambaa changu nikafungua. Pesa zilipungua kidogo, mzee akaongeza kile kilichopungua. Kidogo tu! Lakini hicho kidogo ndicho kilichokuja kuniua.

Tulipofika nyumbani jirani wote walikuja. Mama Wafula, mwanamke aliyetoka magharibi na mumewe kutafuta kazi na ambaye boma lake lilipakana na letu, alilibonyeza kwa kiwiko akasema, "Wee! Hii ni mkate!" Salina alikuja wa mwisho. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Akaligusa kwa kidole kimoja, akacheka, akasema, "Dada, sasa utalala." Alisema kwa moyo safi. Mimi niliona ananikejeli.

Wageni walipoondoka, mzee alilikunja godoro langu, akaliweka begani... akatoka nalo kuelekea mkono wa kushoto.

Nilidhani anacheza. Nilimfuata nikicheka. Akaniambia wazazi wa Salina wanakuja kumtembelea binti yao, na hawezi kuwaonyesha kwamba mtoto wao mwenye mimba analalia magunia. Ni wiki moja tu. Nilimwambia hata dakika moja hapana, hilo ni maziwa yangu, ni miguu yangu, ni mgongo wangu! Akauliza, na nani aliongeza? Nilishika upande mmoja wa godoro, yeye akashika mwingine, tukavutana uani kama watu wanaochuna ng'ombe. Ndipo akaliachia ghafla. Nilianguka chali, mgongo ule ule. Kabla sijainuka, alikuwa amechukua mkanda wa injini ya trekta uliokuwa umening'inia mlangoni.

Sitawahesabia alivyonipiga. Nitasema tu kwamba mkanda wa trekta ni mpira wenye nyuzi ndani, unakata nguo kwanza, halafu ngozi. Jelimo alikuwa akipiga mayowe, na Salina alikuja mbio akamshika mzee mkono, akapata kofi lililompeleka ukutani. Godoro likaingia nyumba ya kushoto. Mimi nikalala kifudifudi juu ya magunia yangu.

Wazazi wa Salina walikuja, wakalala, wakaenda. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, godoro halijarudi. Na mzee naye hakurudi kwangu. Zamu yangu ilipofika alisema magunia yangu yanamwasha! Haki ya Mungu, alisema hivyo, mbele ya Jelimo.

Hapo ndipo moyo wangu uliharibika. Mzee nilimwogopa, kwa hiyo hasira yote niliimwaga kwa yule nisiyemwogopa. Si ndivyo tunavyofanya wengi wetu? Nilimvizia Salina mtoni, nikampasulia kibuyu cha maziwa kichwani, damu na maziwa vikamtiririka pamoja usoni. Nilimvuta sikio mpaka likachanika. Siku nyingine nilimng'ata bega, mwanamke mjamzito! Hakunirudishia hata mara moja. Alikuwa anashika tumbo lake kwa mikono miwili na kusema, "Dada, si mimi nililitaka. Nimemwomba alirudishe, amekataa. Muulize mzee."

Mzee akisikia tumepigana, alitupiga sote wawili. Boma lile lilikuwa na shamba zuri, mahindi marefu kuliko mtu, na kila wiki kulikuwa na mtu anatoka damu.

Mama Wafula ndiye aliyekuwa akinikanda majeraha kwa maji ya chumvi. Siku moja, akinikanda, akasema kwa mzaha tu, "Mimi ningelichoma. Kama silali, hakuna wa kulala!" Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka yule jirani wa laini, na godoro lake lililofuka moshi, na debe la maji. Nikajiambia, litafuka moshi, litanuka, kitambaa cha mistari kitatoboka. Wataliburuta nje. Salina atarudi kwenye magunia kama mimi, nasi tutakuwa sawa. Hayo tu ndiyo niliyoyataka! Haki ya Mungu, nyumba sikuitaka, na damu sikuitaka.

Ilikuwa mchana, saa saba hivi. Mzee alikuwa kwenye mkutano wa kikundi cha shamba. Jelimo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, nilimwacha malishoni na ndama tangu asubuhi. Nilimwona Salina akitoka na mtungi kwenda mtoni. Nyumba yake imebaki peke yake, mlango umerudishwa.

Nilichukua kaa la moto kutoka jikoni kwangu, nikaliweka kwenye kigae, nikalifunika na maganda ya mahindi. Nikavuka ua. Nilipofika mlangoni kwake, miguu ilisimama. Kuingia nyumba ya mwenzangu bila kukaribishwa? Kukanyaga mahali analala? Mimi Rebeka, binti wa watu wenye heshima? Hapana! Nikazunguka nyuma, kwenye kale kadirisha kadogo ka chumbani, mahali ambapo kitanda kimeegemea ukuta. Hata kuchungulia sikuchungulia. Niligeuza uso pembeni kwa adabu, nikapitisha mkono, nikakimwaga kile kigae.

Niliheshimu mlango wa mtu, nikiwa nachoma nyumba yake!

Nikarudi zizini, nikashika ndoo ili nionekane nina kazi. Nilingoja moshi mweupe wa polepole, ule ninaoujua. Badala yake nilisikia sauti... vuuu! Kama mafuta ya taa yamemwagiwa moto. Nilipogeuka, moshi mweusi tititi ulikuwa unatoka dirishani kwa nguvu, unanuka kama gurudumu linaloungua, na ndimi za moto zimeshafika kwenye nyasi za paa. Sponji! Nani alikuwa ameniambia kwamba sponji haifuki, inalipuka?

Nikasimama nikatazama. Na niwaambie ukweli wote, kwa sababu nimeamua kusema ukweli wote. Nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kabisa.

Ndipo mtoto akalia ndani. "Mama!"

Nilijua ile sauti kabla haijaisha. Ndoo ilianguka. Kumbe Jelimo alikuwa ameumwa na kichwa kule malishoni. Salina alimkuta ametapika, na kwa kuwa mimi nilikuwa bado shambani, akambeba mpaka kwake, akamlaza mahali laini kuliko pote bomani, kisha akaenda kumletea maji ya kumpoza. Mtoto wangu mmoja, wa kwanza na wa mwisho, alikuwa amelala juu ya lile godoro!

Nilikimbia. Nilifika mlangoni, na moto ukanipiga usoni... nikarudi nyuma. Nasema nilirudi nyuma! Nilijaribu tena, nikarudi tena. Nilipiga mayowe mpaka nikapiga magoti. Mtoto anaita mama, na mama yuko nje amepiga magoti.

Aliyeingia ni Salina. Alitokea njia ya mtoni akitupa mtungi, tumbo mbele, hakusimama, hakuuliza. Alipita kando yangu, upepo wa leso yake ukanigusa, akazama kwenye ule moshi.

Sijui alikaa humo muda gani. Alitoka na Jelimo amemkumbatia, amemfunika kichwa kwa leso. Na mikono yake... Ndugu zangu, sponji ikiungua inayeyuka. Inatiririka kama uji wa moto, lakini uji huu unashika ngozi na kuendelea kuwaka. Alikuwa ameusukuma ule moto kwa mikono ili amfikie mtoto, na sasa ile mikono yenyewe ilikuwa inawaka. Alimweka Jelimo chini polepole. Halafu ndipo akalia. Kile kilio nakisikia mpaka leo nikiwasha jiko.

Mama Wafula na watu wengine walifika, wakawapakia kwenye trela ya trekta mpaka hospitali, Eldoret. Mtoto wa Salina alitoka njiani, juu ya yale mabati ya trela. Alikuwa mvulana. Hakulia. Hospitalini Salina alikatwa vidole kadhaa, na vilivyobaki vikagandana. Jelimo alipona. Alibaki na kovu mguuni na kifua kinachobana wakati wa baridi, lakini alipona.

Mzee alirudi kutoka mkutanoni akakuta majivu. Akaniuliza nini kimetokea. Hapo, wasomaji, ndipo nilipotenda dhambi kubwa kuliko moto. Nilisema, "Mimi nilikuwa zizini. Labda aliacha moto ndani."

Labda aliacha moto ndani! Maneno manne tu.

Salina alipotoka hospitali, mzee alimngoja uani na ule mkanda wa trekta. Alimwambia amemuua mtoto wake wa kiume kwa uzembe. Akampiga. Mnajua mtu akipigwa huinua mikono ili akinge uso? Salina hakuweza. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe mpaka viwiko, akaishikilia nyuma ili isiguswe, na uso akauacha wazi. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale. Alinitazama mara moja tu. Nikainamisha macho. Jioni hiyo mzee alimrudisha kwao, na ndugu zake wakampokea.

Mama Wafula hakuniuliza neno. Lakini tangu siku ile hakuniomba chumvi wala hakunipa, na nikipita karibu na boma lake alikuwa anaita watoto wake waingie ndani.

Na mnajua nini? Baada ya mavuno yaliyofuata, mzee aliniletea godoro! La sponji, inchi nne, mistari ya buluu, kama lile. Akasema nimevumilia. Niliingia chumbani nikalikuta limetandikwa, nikalala juu yake, na kwa pua yangu nikasikia gurudumu linaungua. Nilikimbia nje nikatapika. Nililikunja nikalisimamisha kwenye kona, na huko lilikaa mpaka panya wakalimaliza. Mimi nililalia magunia. Nalalia magunia mpaka leo, na mgongo unaendelea na kelele zake.

Miaka ilipita. Mzee alifariki, nikamzika. Jelimo alisoma, akawa mwalimu, akaolewa. Lakini hakusahau mikono iliyomtoa. Alikuwa akiniambia, Mama, nakumbuka harufu ya leso. Mama, tumtafute Mama Salina. Nilimzungusha miaka yote hiyo, leo mvua, kesho palizi. Mwaka jana alikata shauri. Alinunua blanketi na sukari, akanishika mkono kama zamani alivyokuwa akinisimamisha, tukaenda kwa kaka yake Salina.

Tulimkuta amekaa juani. Mvi zimejaa. Alicheka aliponiona! Kile kicheko kile kile cha kucheka na kuku. Jelimo alimlilia magotini, kisha akaingia jikoni kumsaidia mke wa kaka kupika chai. Tukabaki wawili.

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Ndipo Salina akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba nisijisumbue. "Nilikuona, Dada. Nilikuwa nimerudi kuchukua kata ya kutekea maji. Nikakuona unatoka dirishani na kigae. Nilidhani umekuja kuniroga mimi, na mtoto wako mwenyewe hungemdhuru, ndiyo maana nikaenda zangu mtoni. Nilipoona moshi ndipo nilipoelewa."

Niliuliza kwa nini hakusema. Siku ile ya mkanda, kwa nini hakusema?

"Angekuua," alisema. "Na Jelimo angelelewa na nani? Mimi na mikono hii?"

Nilisikia vikombe vikigongana nyuma yangu. Jelimo alikuwa amesimama mlangoni na chai. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akauliza, "Mama, ni kweli?" Nikatikisa kichwa, ndiyo. Nilingoja apige kelele. Nilingoja anitupie ile chai ya moto usoni, na ningemshukuru.

Aliweka vikombe chini. Akapiga magoti mbele ya Salina, akapuliza chai ikapoa, akamshikia kikombe mdomoni. "Kunywa, Mama," akamwambia. Halafu, bila kugeuka, akaniambia mimi: "Rebeka, chai yako iko hapo."

Rebeka! Mtoto niliyemzaa mmoja, aniite kwa jina kama mtu wa sokoni. Mpaka leo ndivyo anavyoniita. Ananiletea dawa za mgongo kila mwisho wa mwezi, ananiletea unga, hanikosei adabu nyingine yoyote. Salina naye, Jelimo amemchukua, anaishi naye, anamlisha kwa mkono wake.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi. Kama mume wako amekudhulumu, mdai mume wako. Nenda kwa wazee, nenda kwa chifu, nenda kanisani, mpigie mayowe yeye! Usimgeukie mwanamke mwenzako kwa sababu tu yeye hapigi. Na kama umeshakosa, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajapigwa kwa ajili yako. Ningesema siku ile, pengine ningeuawa. Lakini ningekufa nikiitwa Mama.

Na wewe uliyeshika kaa la moto sasa hivi, hata kama ni moyoni tu... chungulia kwanza. Nakuomba, sahau adabu, sahau heshima, weka uso wako dirishani uchungulie. Angalia ni nani amelala humo ndani.